Villahermosa bila haraka: mto, vichwa vya mawe na kakao

Ijumaa usiku

Wageni wengi wakija kusini mwa Meksiko wanaipita tu Villahermosa. Wanashuka airport wanaunganisha moja kwa moja Palenque kuona mahekalu ya Wamaya, au wanabadilisha basi pale stendi afu hao wanaenda zao Campeche na Mérida. Mi nilikuwa na sababu yangu ya kubaki. Nimezaliwa Kyela, kule bondeni kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwetu kila nyumba ina miti ya kakao uani katikati ya migomba na miembe, na ada zangu za shule zimelipwa na hizo kakao miaka yote. Ila ukiniuliza utotoni kakao inaliwaje nisingekujibu, maana sisi tulikuwa tunanyonya ule ute mweupe mtamu, mbegu zinavundikwa, zinaanikwa, zinapelekwa kupimwa kwenye chama, basi, zikishapanda gari hakuna anayejua tena habari zake.

Sasa kazi imeniweka Mexico City kwa muda, likizo ikapatikana, nikaanza kusoma soma nikaona jimbo la Tabasco peke yake linatoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya nchi hii. Mti wenyewe asili yake ni misitu ya Amazon, lakini watu wa ukanda huu ndo walioifanya kakao ikajulikana dunia nzima, wakati Wahispania wanafika mwaka 1519 mbegu za kakao zilikuwa zinatumika sokoni kabisa kama hela. Makao makuu ya Tabasco ni Villahermosa. Nikakata tiketi.

Basi linatokea stendi kubwa ya TAPO, hapo Mexico City, mwendo ni masaa kumi na moja kumi na mbili hivi, inategemea foleni ya kutoka mjini na ukungu wa milima ya Orizaba. Beba sweta au shuka zito, AC za mabasi ya usiku ya huku ni baridi ya kweli kweli. Mnatoka mita 2,240 juu ya usawa wa bahari mnashuka usiku kucha hadi kama mita 10 tu, na kukikucha unaona nchi nyingine kabisa, ng'ombe weupe wenye nundu wamesimama kwenye maji, migomba, minazi, mabwawa kushoto na kulia, ndege weupe kibao. Moyo wangu ulitulia hapo hapo. Nchi ya bondeni naijua.

Jumamosi

Villahermosa ni joto, tuseme ukweli. Nilifika mwezi wa tatu na saa nne asubuhi shati lilikuwa limeshalowa, na wenyeji wananiambia hiyo bado, mwezi wa nne na wa tano ndo lenyewe, inapita nyuzi 40. Mmama mwenye gesti niliyofikia, jirani na Zona Luz, alinipa ratiba kabla hata sijaweka begi chini: kijana wangu, tembea asubuhi, mchana kaa ndani, jioni toka tena. Niliifuata siku zote na sikujuta.

Zona Luz ndo mji wa zamani, mitaa michache iliyofungwa magari, Madero, Juárez, Lerdo huko, nyumba za rangi rangi zenye baraza za chuma juu, maduka ya viatu, wauza juisi, vijana wanacheza drafti. Kuna jumba moja limepakwa vigae vya bluu mwili mzima, wanaliita Casa de los Azulejos, ndani ni makumbusho ya historia ya Tabasco. Hapo ndo nikaelewa mji ulivyoanza. Wahispania walikuwa na makazi yao pwani, maharamia wakawasumbua, wakawa wanahamia huku ndani kwa kufuata mto, mji ukaanzishwa mwaka 1564 siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Mpaka 1916 ulikuwa unaitwa San Juan Bautista, afu gavana wa kimapinduzi Francisco Múgica akaurudishia jina la Villahermosa.

Kuna jambo moja la historia nililifuatilia sana maana nimelelewa kanisani. Miaka ya 1920 hadi 1935 Tabasco ilikuwa chini ya Tomás Garrido Canabal, mtu aliyetaka kuifuta dini kabisa. Makanisa yalifungwa na mengine yakabomolewa, mapadri wakaambiwa ruhusa ni kwa aliyeoa tu, hata misalaba makaburini iliondolewa. Pombe nayo aliipiga vita hivyo hivyo. Ndo maana Villahermosa huwezi kukuta makanisa ya kale ya kifahari ya Kihispania yanayojaa miji mingine ya Meksiko, kanisa kuu la sasa pale barabara ya Paseo Tabasco limejengwa upya baada ya yote hayo. Lakini bustani moja kubwa ya mjini ina jina la huyo huyo Garrido, na watu wa hapa wakimzungumzia wapo wanaomsifia kwa shule alizojenga na wapo ambao bibi zao walificha sanamu za watakatifu chini ya sakafu. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja hapa mwenyewe, na dereva wa teksi aliniambia mama yake mpaka leo anaisimulia siku ile anatokwa machozi.

Jioni nikashuka mtoni. Mto Grijalva ni mpana, maji ya udongo, unapita taratibu na vikonyo vya magugu maji juu yake. Kuna daraja la miguu linaitwa Solidaridad, unatoka karibu na uwanja wa Plaza de Armas unavuka unaingia upande wa Las Gaviotas. Nilisimama katikati muda mrefu. Huu mto unaanzia nyanda za juu za Guatemala, unakatiza Chiapas, umewekewa mabwawa manne makubwa ya umeme njiani, Angostura, Chicoasén, Malpaso na Peñitas, afu ukifika hapa bondeni hauna mteremko tena, ukijaa unasambaa. Mwisho wa mwezi wa kumi 2007 ulisambaa kweli. Karibu asilimia 80 ya jimbo lote iliingia maji, watu zaidi ya milioni moja waliathirika, katikati ya mji walikuwa wanapita na mitumbwi. Mzee anayeuza mahindi ya kuchoma pale ng'ambo alininyooshea mkono juu ya kichwa chake kunionyesha maji yalifika wapi kwenye ukuta wa nyumba yake, akaniambia walikaa juu ya bati na mbwa na kuku usiku mzima. Nikamwambia kwetu Kyela pia mito ikifurika tunahama na magodoro. Alifurahi kusikia hivyo, akaniuliza kwetu tunapanda nini, nikamwambia mpunga na kakao. Akasema basi wewe ni mtu wa hapa.

Jumapili

Siku nzima nilikuwa Parque-Museo La Venta na hata hiyo siku haikutosha.

Kwa asiyejua: Waolmeki ndo watu wa kwanza kujenga miji mikubwa ukanda huu, na mji wao wa La Venta ulishamiri kati ya kama mwaka 900 na 400 kabla ya Kristo, kwenye kisiwa katikati ya mabwawa, kilomita kama 130 magharibi mwa Villahermosa. Miaka ya 1950 shughuli za mafuta zikaanza kuingia pale pale kwenye magofu. Mshairi mmoja wa hapa hapa, Carlos Pellicer Cámara, mzaliwa wa mji huu mwaka 1897, akasema haya mawe yataharibika, akahangaika serikalini mpaka akapata kibali cha kuyahamisha, akayabeba kwa malori hadi kando ya ziwa dogo la mjini linaloitwa Laguna de las Ilusiones, na tarehe 4 Machi 1958 bustani ikafunguliwa. Na hakuyapanga ndani ya ukumbi. Aliyaweka msituni, kila jiwe na uwazi wake, unatembea kwenye kijia cha udongo chini ya miti mikubwa, unasikia ndege, unakata kona, unakutana nalo.

Kile kichwa kinachoitwa Monumento 1 nimekaa mbele yake kama saa nzima. Kimo chake ni mita 2.41, uzito tani 24, jiwe jeusi la volkano. Na huku bondeni hamna mawe, ni tope tupu, jiwe lilitoka milima ya Tuxtlas huko Veracruz, makumi ya kilomita, bila gurudumu, bila punda, bila ng'ombe wa kukokota, maana wanyama hao hawakuwepo Amerika. Ukisogea karibu unaona kazi ya mkono: midomo mizito imefunguka kidogo, mboni za macho zimechorwa, kwenye paji kuna kofia iliyobana kichwa imeshuka mpaka juu ya nyusi, na kwenye shavu kuna vidoti vidoti vya jiwe ambavyo mvua ya miaka elfu mbili na kitu imevilainisha. Ni uso wa mtu fulani. Aliyechonga alikuwa anamjua.

Najua Waafrika wengi tukiona picha za vichwa hivi tunasema hao ni sisi, mtandaoni zimejaa video zinasema Waafrika walifika Meksiko kabla ya Columbus wakatawala. Mi nimesimama pale mweusi mwenyewe na nasema kwa heshima zote, hapana. Wanaakiolojia hawajapata mfupa wala chungu cha Afrika kwenye miji ya Waolmeki, na jibu lingine liko nje ya geti, kaa kituo cha daladala cha Villahermosa dakika kumi uangalie sura za watu wanaoshuka. Pua ile, midomo ile, macho yale. Wajukuu zao wapo, wanaenda kazini. Kuwanyang'anya babu zao ili sisi tujisikie vizuri si haki, sisi tuna Kilwa yetu na Zimbabwe Kuu, zinatosha kuringia.

Mawe mengine yaliyonishika: Altare namba 4, mtu ametoka kwenye pango ameinama mbele, mkononi ameshika kamba inayozunguka jiwe hadi kwa mtu mwingine aliyechongwa ubavuni, na namba 5 ambapo aliyetoka pangoni amebeba mtoto mikononi, mtoto amelegea kabisa, huelewi amelala au amekufa. Kuna nyani aliyeinua uso anatazama mbinguni. Kuna sanamu wanayoiita Bibi, amepiga magoti ameshika chombo mikononi. Na kuna sakafu ya mamia ya vipande vya jiwe la kijani vimepangwa kutengeneza umbo lenye sura ambayo wengi wanasema ni ya jaguar, na Waolmeki wakishamaliza kuipanga kazi yote hiyo wakaifukia. Hawakuitengeneza ionekane na watu.

Wanyama wadogo wa mkia mrefu wenye milia, wanaitwa coati, wanazunguka huru kabisa bustanini, wanapita katikati ya miguu yako wanatafuta mabaki ya chakula. Usiwape, wanang'ata. Na lile ziwa lina mamba wa kweli, katikati ya jiji, nyumba zimelizunguka pande zote, kuna vibao vya kuonya na watu wamezoea. Karibu na hapo ndo ile bustani ya Garrido yenye mnara wa Mirador de las Águilas, ukipanda jua likishuka unaona mji wote ulivyo, maji, kijani, maji tena, nyumba zimepenyezwa katikati.

Jumatatu

Makumbusho yamefungwa Jumatatu, basi siku ya soko. Soko la Pino Suárez.

Hapa ndo nilipopata nilichokifuata. Ndani kuna safu ya wamama wanaouza pozol, na asubuhi saa tatu viti vyote vimejaa, wabeba mizigo, mapolisi, wadada wa ofisini na laptop zao, mafundi. Mama niliyekaa kwake alikuwa na donge kubwa la kahawia kwenye jani la mgomba. Mahindi yamechemshwa na chokaa, yameoshwa, yamesagwa pamoja na kakao iliyokaangwa. Anamega kipande, anakitia kwenye kibuyu kilichokatwa nusu, wao wanaita jícara, anamimina maji, anaanza kuvuruga kwa mkono, vidole vinasugua mpaka donge linayeyuka, anatia barafu, anakupa. Bila sukari. Juu kunabaki povu la kahawia lenye mafuta ya kakao, chini mahindi yanatulia, kwa hiyo unakunywa huku unakizungusha kibuyu mkononi, kila mtu pale alikuwa anazungusha chake bila hata kufikiria. Ni togwa ya kakao, sina namna nyingine ya kukuelezea. Inashibisha, inapoza mwili, na ukiiacha inachachuka na kuna wanaoitaka hivyo hivyo chachu.

Nikamuuliza huyo mama, hii ni ya sikukuu au ya kila siku? Akaniangalia. Kila siku, tangu mtoto anaachishwa ziwa, baba yake alikuwa anaenda shamba na donge kwenye jani na kibuyu, akisikia njaa anachota maji anavuruga, ndo chakula chake cha mchana. Mkulima wa kakao anashiba kakao yake mwenyewe. Niliagiza cha pili. Peso thelathini hivi kibuyu, na nilikaa pale nikiwafikiria wajomba zangu waliochuma kakao miaka arobaini na hawajawahi kuinywa hata siku moja.

Mchana nikala pejelagarto. Huyu samaki nenda umuone akiwa mzima kwanza, mrefu, mdomo wa mamba na meno yake, magamba magumu ya kukwangua panga, ni jamii ya samaki wa zamani sana wa kwenye mabwawa. Wanampitisha kijiti mdomoni mpaka mkiani wanambanika kwenye mkaa na magamba yake, ganda linakuwa jeusi, mezani analipasua analifungua, ndani nyama nyeupe imekauka vizuri na inanukia moshi. Unaikunja kwenye chapati ya mahindi na ndimu na pilipili ndogo za kijani za msituni wanaziita amashito, zile ni kali, zinafanana na pilipili kichaa zetu na ladha yake inabaki. Pembeni walileta ndizi za kukaanga zilizopondwa, tostones, na ndizi na samaki wa mkaa mtu wa Kyela hawezi kulalamika. Mayai ya pejelagarto hayaliwi, yana sumu, wauzaji wanayatupa.

Jumanne

Comalcalco, kilomita kama 60 kaskazini magharibi, kombi zinatoka asubuhi na njia nzima ni bonde.

Magofu ya Comalcalco yako peke yake katika miji ya Wamaya. Ni mji wao wa magharibi kabisa, na kwa kuwa mawe hamna, walichoma matofali. Mahekalu ya matofali! Mamilioni ya matofali mekundu membamba, na udongo wa kujengea wameuchanganya na chokaa ya magamba ya chaza yaliyochomwa, magamba mengine bado unayaona yamejitokeza ukutani. Kwenye makumbusho ya pale kuna matofali yaliyochorwa kabla ya kuchomwa, mamba, nyumba, nyuso, maandishi ya Kimaya, na yalikuwa yanajengewa mchoro ukiangalia ndani, mtu asiuone tena. Mbu wapo, paka dawa.

Afu shamba. Pale mjini na vijijini kuna mashamba kadhaa ya kakao yanayopokea wageni, nikaingia moja. Nilitembea chini ya kivuli cha miti mirefu na kwa kweli nilijihisi niko nyumbani, matunda yameota kwenye shina lenyewe, manjano na mekundu, majani makavu yanalia chini ya viatu. Mtembezaji alikuwa anatufundisha jinsi ya kupasua tunda, akanipa panga, nikapasua kwa namna tunayopasua sisi, akacheka akaniuliza umejifunzia wapi. Tukaanza kuongea ya wakulima. Wao wana masanduku ya mbao ya kuvundikia, wanafunika na majani ya mgomba, siku tano sita hivi huku wanageuza, afu juani. Lakini akaniambia kwa miaka mingi wakulima wengi wa Tabasco walikuwa wanaosha tu mbegu na kuzianika bila kuvundika, kwa ajili ya soko la ndani la pozol, na mnunuzi wa chokoleti nzuri hataki hiyo. Afu mwaka 2005 ukaingia ugonjwa wa moniliasi, ukungu unaofanya tunda livimbe, liote unga mweupe, lioze likiwa mtini. Wengi walikata miti wakapanda majani ya ng'ombe. Alinionyesha tunda moja lenye huo ugonjwa, akalichuma akalifukia pale pale, akasema hatuliachi hata usiku mmoja. Nilimsikiliza kwa makini sana, maana huu ugonjwa Afrika haujafika na Mungu atusaidie usifike.

Walichofanya baadaye ni kupigania jina. Mwaka 2016 kakao ya hapa ikapata hati ya asili, Cacao Grijalva, maana yake hakuna wa sehemu nyingine anayeruhusiwa kuuza kwa jina hilo. Mchele wa Kyela kila mtu Tanzania anauuza kwa jina letu hata kama umetoka kwingine, kwa hiyo hilo nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Mwisho wakatuonyesha kusaga. Mbegu zimekaangwa kwenye kikaango cha udongo, zimemenywa, zinasagwa kwenye jiwe la miguu mitatu lililotiwa mkaa chini kidogo, na unaona unga unageuka uji mzito unaong'aa wenyewe bila tone la maji, ni mafuta yake yanatoka. Jiwe la kusagia lipo kila nyumba kwetu. Hakuna kifaa hata kimoja nilichokiona pale ambacho mama yangu hana.

Jumatano

Nacajuca, vijiji vya Wachontal, wenyeji wa asili wa hapa, wenyewe wanajiita Yokot'an. Ni karibu sana na mji, chini ya saa moja. Kijiji cha Tucta kuna mashamba yaliyoinuliwa katikati ya bwawa, wanaita camellones, tuta refu refu la udongo na mfereji, tuta na mfereji, juu mahindi, migomba na muhogo, mferejini samaki. Yalitengenezwa miaka ya 1970 na serikali, mwanzo mambo hayakwenda maana wataalamu walipanga wenyewe, wenyeji walipoachiwa waendeshe kwa akili yao ndo yakashika.

Lakini kilichobaki kichwani ni maongezi na wanawake wawili waliokuwa wanasuka kofia na mikeka barazani. Mwezi wa kumi na moja 2020 mvua zilizidi tena, maji yakija mjini Villahermosa, serikali ikaamua kuyageuzia huku kupitia lango la El Macayo, na rais wa wakati huo mwenyewe, López Obrador, ambaye ni mzaliwa wa jimbo hili hili, akasema wazi kwamba walichagua yafurike mabonde, Nacajuca na kwingine wanakoishi Wachontal, walio maskini zaidi, badala ya mji. Wale wamama hawakupandisha sauti. Mmoja aliniambia tu kuku wake walikuwa arobaini na mbili na mahindi yalikuwa yamebakiza wiki tatu kuvunwa. Tangu Jumamosi nilikuwa nauhurumia mji kwa mafuriko ya 2007, na bado nauhurumia, ila kuta za mto ukiziona pale malecón, ile njia ya kutembea kando ya mto mjini, ujue maji yanayozuiwa pale yanaenda kwa mtu.

Nilinunua kofia na kibuyu kilichochorwa kwa kisu, vibuyu vya kuchora hasa ni kazi ya Jalpa de Méndez hapo jirani.

Alhamisi

Asubuhi Yumká, hifadhi ndogo ya hekta 101 upande wa airport. Jina ni la kijitu kifupi anayelinda msitu kwa imani za Wachontal. Kuna sehemu ya savana yenye wanyama wa Afrika, watoto wa shule walikuwa wanashangilia pundamilia, mi nilikuwa nawatafuta saraguato, wale nyani weusi wanaonguruma. Unasikia sauti nzito msitu mzima unatetemeka ukadhani ni simba, kumbe ni mnyama wa kilo chache tu ameketi anakula majani. Mwezi wa tano 2024 joto lilipozidi walianza kudondoka kutoka mitini wamekufa, makumi, huko karibu na Comalcalco, watu wakawa wanawapandishia ndoo za maji na matunda kwa kamba. Niliwaona watatu, mmoja na mtoto mgongoni.

Mchana nikarudi soko la Pino Suárez kwa yule mama. Nilimuomba aniuzie madonge ya kakao tupu, yasiyo na mahindi, ya kubeba, akanifungia sita kwenye majani na gazeti, akanielekeza vipimo mara mbili na kunifanya nirudie: konzi mbili za mahindi kwa moja ya kakao, chokaa kidogo tu, uoshe mpaka maganda yaondoke. Nikamrekodi kwa simu, ameruhusu, mikono tu, ananivurugia kibuyu cha mwisho. Video nimeirusha kwenye grupu la familia. Kyela ilikuwa saa tano usiku lakini mjomba alikuwa macho, akauliza swali moja la maana, mbegu anakaanga kwa moto gani, nikarudi kumuuliza mama, akasema mdogo, mpaka ganda lipasuke lenyewe. Mjomba kasema msimu huu debe moja haliendi kupimwa.

Basi la Palenque ni saa tisa, mwendo masaa mawili na nusu.